Zeze Lililofungwa kwa Gundi

Mwadi alitumwa maji tu.

Jua lilikuwa linazama Auderghem, pembeni mwa Brussels, ukingoni mwa msitu wa Soignes. Chama chao kilikuwa kimepiga mahema na kuvaa nguo za Wazungu wa kale, enzi za mapanga na ngome. Mchana kutwa watu walipita wakitazama: huyu anafua chuma, yule anasokota sufu, wengine wanapiga muziki wa zama zile. Mwimbaji wao alikuwa Mwadi.

Alikuwa. Tangu Pasaka sauti yake ilikuwa inapungua, kama redio inayoishiwa betri. Daktari alimchungulia kooni, hakuona kitu.

Akachukua ndoo ya mbao, akapita nyuma ya mahema.

Ndipo harufu ikampiga.

Gundi. Gundi ya ngozi na kwato, inayochemshwa polepole mpaka inanuka kama mzoga. Aliyeitumia pale ni Rolande peke yake, fundi wa vyombo vyao vyote vya muziki.

Kisha... mtu akaimba.

Mwanamke, ndani ya hema la Rolande. Wimbo wa kubembeleza mtoto, wa kwao Lubumbashi. Sauti nzito kidogo, inayokwaruza mwanzoni mwa kila mstari.

Mwadi akaweka ndoo chini.

Sauti ile ilikuwa yake.

Rolande, mtu wa Bukavu, ndiye aliyempokea Mwadi alipofika Brussels hana ndugu wala jamaa. Alimlaza chumbani kwake, juu ya duka la vitenge barabara ya Chaussée de Wavre, akamtafutia kazi ya kuhudumia wazee katika makao yao, maison de repos, akamleta chamani. Mwadi alimwita yaya, dada mkubwa, na alimaanisha. Zamani Rolande alikuwa mwimbaji wa kwaya mwenye jina, mpaka alipopasuliwa koo. Tangu hapo alinong'ona tu, mnong'ono mkavu kama karatasi inayochanwa.

Kabla ya Pasaka alichonga vièle, zeze la Wazungu wa zamani lenye tumbo la mbao na upinde wa singa za farasi. Siku ya kulifunga kwa gundi akamwita Mwadi.

"Imba mule ndani, mudogo yangu. Njo vile bazee ba zamani balikuwa banafanya, mbao ijue sauti."

Mwadi alicheka, akainama, akaimba wimbo wote ndani ya tumbo lile lililokuwa wazi. Neno la mwisho halijamtoka vizuri, Rolande akashindilia kifuniko. Haraka. Kama mtu anayefunika kuku asitoroke.

Sasa Mwadi alifunua pazia la hema.

Rolande alikuwa ameketi, mikono mapajani. Zeze lilikuwa juu ya meza. Upinde ulikuwa ukutani mwa hema, umetundikwa.

Nyuzi zilikuwa zinatetemeka zenyewe.

"Yaya... ni nini hii?"

Rolande hakushtuka. "Umekawia," alinong'ona.

"Njo sauti yangu."

"Ndiyo, njo yako."

"Weye? Mimi nakuita yaya, na weye unaniiba?"

"Bon. Ulikuwa unaiimbia bazee ba maison de repos, benye hata habasikie. Mimi nilikuwa naimba, kanisa muzima inalia."

Woga ulikuwepo, lakini si woga uliomchoma Mwadi. Alikumbuka zile jioni. Rolande akimchemshia tangawizi, akimshika shingo kwa vidole vya joto, akiuliza: "Leo imebakia kiasi gani?" Na yeye alidhani ni upendo.

"Unirudishie."

"Siwezi. Miye nilifunga tu."

Macho ya Rolande yakaenda kwenye nyundo iliyokuwa mezani. Yakatua pale. Yakarudi.

Mwadi akaikamata nyundo.

Akapiga.

Mbao ikapasuka, wimbo ukakatika katikati ya neno. Pumzi ya moto ikatoka kwenye ufa, ikampita Mwadi shavuni... haikusimama. Rolande alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili wa meza, kinywa wazi. Wazi mno. Taya zilitoa mlio.

Rolande akameza.

"Asante," akasema, kwa sauti ya Mwadi. "Mimi ningevunja, ingekufa. Ilibidi mwenyewe aifungue na mukono yake."

"Nani alikufundisha hivi?" Mwadi alitaka kupiga kelele. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono. Mkavu. Kama karatasi inayochanwa.

Rolande alipandisha gauni lake la sufu, akatoka. Ngoma zikalia, wimbo ukapanda juu ya mahema, watu wakapiga makofi. Mwadi alijipenyeza mpaka kwa Ghislain, kiongozi wao, akamvuta mkono.

"Ile sauti ni yangu."

Ghislain hakumsikia hata kidogo. Alikuwa analia kwa furaha. "Yaya Rolande amepona! Angalia Mungu!"

Kesho yake, baada ya misa, chumba cha Chaussée de Wavre kilikuwa kitupu. Hata sufuria ya tangawizi haikuwepo. Mwadi akaketi ngazini, akampigia mama yake Lubumbashi. Simu ya mama ilikuwa ile ndogo ya vitufe, isiyoonyesha sura.

"Maman... njo miye. Mwadi."

Alisikia mama anavuta pumzi.

"Mwadi ametoka kunipigia sasa hivi," mama akasema polepole. "Ameniimbia, hata. Ameniambia balimwiba simu, na kuko muntu wa sauti ya kukauka, atapiga, atasema ni yeye."

"Maman, sikia kwanza..."

"Uniachie mutoto wangu, shetani."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, namba yake ilikuwa imefungiwa.

Mpaka leo mama yake, maman Odile, hupigiwa simu kila Jumapili kutoka Brussels. Huwaambia majirani kwamba binti yake hamsahau, na kwamba sauti yake imezidi kuwa tamu. Siku hizi, anasema, mtoto amekuwa na ombi moja tu... kwamba mama naye amwimbie, wimbo wote, mpaka neno la mwisho.