Mvua ya Sakafuni

— Umefagia nini?

Mpaka rangi aliuliza kwa sauti ndogo, ngazi bado iko begani. Mchumba wake, fundi cherehani, alisimama katikati ya chumba, ufagio mkononi, akisubiri kusifiwa.

— Takataka zako, zote ziko kwenye gunia. Shangazi yuko njiani, au umesahau?

Atasahauje? Shangazi ndiye aliyemlea fundi, na neno lake ndilo lililobaki: akikubali, ndoa, akikataa, kila mtu na hamsini zake. Na alishasikia kwamba mkwe mtarajiwa huokota vifuniko barabarani, mtaa mzima unamwita Bwana Makorokoro.

Bwana Makorokoro akatua ngazi, akakaa chini. Kumbe zile hazikuwa takataka, ilikuwa picha. Ndivyo afanyavyo kazi: hupanga vitu sakafuni vikavu, bila kuvibandika, wiki nzima anavisogezasogeza, jicho likisharidhika ndipo hugusa gundi. Na gundi ilikuwa leo. Lo, maskini wa Mungu.

Fundi akatupa ufagio. Akaomba radhi, akaomba tena. Simu ikalia, ujumbe wa shangazi: "Niko mlangoni. Fungueni."

Shangazi aliingia, akatazama gunia, akamuuliza kijana kama hayo ndiyo atakayomlisha binti yake. Kijana alimpa kiti na chai, kisha akamwaga gunia lote sakafuni, akaanza upya, akikumbuka mahali pa kila kitu. Vijiko vilivyopinda, vioo vilivyovunjika, funguo zisizo na milango, vifungo, zipu mbovu. Fundi akapiga magoti, akawa anampokeza. Chai ya shangazi ikapoa bila kuguswa.

— Sasa panda ngazi, kijana akamwambia mchumba wake.

Akapanda, akatazama chini, akaishika ngazi kwa mikono miwili. Mvua! Mvua inanyesha pale sakafuni, vioo vinatiririka maji, vijiko vinarusha matone, na katikati mwanamke anakimbia, amekumbatia gauni la harusi la mteja lisilowe. Ilikuwa ile siku walipokutana. Na mwanamke mzima kajengwa kwa zipu, zile zile alizokuwa akizitupa nje ya kibanda chake. Miaka yote amezishika, hajawahi kuziona. Machozi yakamtoka.

— Ndivyo unavyoniona?

— Kila siku.

Shangazi naye, na magoti yake yale mabovu, akadai ngazi. Alikaa huko juu mpaka wakaingiwa na hofu.

— Shangazi, kuna nini?

— Nyamazeni kidogo. Natazama.

Aliposhuka, alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akavua viatu, akakunja mikono ya gauni.

— Habari za mahari tutazungumza siku nyingine, mwanangu. Leo leteni gundi, tugandishe.