Vibao Viwili vya Mwisho

Kila Jumamosi asubuhi Kidoti alifuatana na baba yake, mtunza bustani wa chuo kikuu, hadi kwenye safu ya miti tisa nyuma ya maktaba. Kila mti ulipandwa kumkumbuka mwanafunzi aliyefariki kabla ya kumaliza masomo, na jina lake liliandikwa kwenye kibao kilichofungwa kwa waya. Kidoti aliosha vibao. Sharti la baba lilikuwa moja: fungua kimoja, osha, rudisha, ndipo uguse kingine.

Siku hiyo rafiki zake walimsubiri wakaruke kamba. Baba alipokwenda kuchukua mpira wa maji, Kidoti akavifungua vyote na kuvitumbukiza kwenye ndoo. Alijiona hodari wa kukumbuka. Saba vilirudi bila taabu, lakini viwili vya mwisho vilimtoa jasho: cha kijana wa udaktari na cha msichana wa ualimu. Miti yao ililingana kama mapacha. Akabahatisha, kisha akafunga waya.

Hata hajakauka mikono, akaja mama wa yule kijana na dumu la maji, maana hakukosa Jumamosi hata moja. Alisoma kibao, akasita, kisha akaumwagilia mti taratibu huku akimsimulia mwanawe habari za nyumbani. Hamu ya kamba ilimwisha Kidoti kabisa.

Akamwendea, machozi yakimlengalenga. "Shikamoo, mama. Nisamehe. Nilivichanganya vibao, nikabahatisha. Sijui kama huu ni mti wa mwanao."

"Marahaba, mwanangu. Siyo huu." Mama alimwonyesha kovu dogo kwenye shina la mti wa pili. "Niliukwaruza kwa jembe siku ya kuupanda. Leo nilipoona jina lake hapa, nilidhani nimeanza kumsahau mwanangu. Umenitoa hofu kubwa."

Wakavibadilisha vibao pamoja. Kidoti aliyasikitikia maji yaliyomwagwa, lakini mama akatabasamu na kusema hayakupotea, kwani binti yule naye ni mtoto wa mwenzake.

Baba aliporudi, Kidoti alimweleza yote bila kuficha. Baba akavuta pumzi.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," alisema. "Kukosea ni kwa kila mtu. Lakini ungenyamaza, mama huyu angerudi nyumbani na huzuni isiyokuwa yake. Ukikosea, sema mapema."

Kisha akamkabidhi ndoo, aanze upya, kibao kimoja kimoja. Kidoti aliipokea kwa mikono miwili, moyo mweupe.