Sufuria Moja, Biashara Tatu

Ilitangazwa rasmi, katika mtaa wa Majengo mjini Thika, kwamba Wamboi, msichana wa miaka kumi na mitatu, tangu asubuhi hiyo alikuwa tajiri wa biashara tatu. Waliohudhuria tangazo hilo ni kuku. Walipoona hakuna mahindi, wakaondoka.

Kila likizo Wamboi alipika uji na kuwauzia wapagazi wa stesheni. Sasa aliongeza mayai, kisha kupiga pasi. Pasi ya makaa aliazimwa na jirani, Bi Zainab, aliyeuza mandazi, kushona kanzu na kupangisha chumba.

"Tatu kwa mpigo, mwanangu?" Bi Zainab alishangaa.

"Wewe mama si unazo tatu?"

"Mandazi yangu yalisimama kwanza, ndipo nikanunua cherehani."

"Nikingoja hivyo, mama, likizo itaisha!"

Mteja wa kwanza alikuwa Kagwe, karani wa stesheni. Alileta shati jeupe. "Kesho naenda Kalimoni na wazee wetu kwa mambo ya mahari," alisema. "Nataka kola isimame kama askari."

Kola husimama kwa wanga, yaani unga uliochemshwa kwa maji hadi ukawa mzito. Lakini wapagazi walikuwa wakidai uji, mnunuzi wa mayai alikuwa akibisha mlangoni, na makaa yalikuwa yakizimika ndani ya pasi. Sufuria ilikuwa moja tu. Wamboi akautazama uji uliobaki humo. Wanga ni nini, alijiuliza kwa hekima kuu, kama si uji usionywewa? Akauongezea maji, akachovya shati, akalianika na kulipiga pasi. Kola ilisimama vizuri sana. Sukari iliyomo hakuikumbuka kabisa.

Kesho yake jioni Kagwe alirudi akiwa amevaa koti juu ya fulana, shati mkononi.

"Umeniua, wewe msichana! Mwoaji hukaa kimya wazee wakizungumza. Hata kujikuna ni aibu. Mzee Gichuru, babake mchumba, ametaja mbuzi tu, sisimizi wakaniuma shingoni, nikaruka na kuvua shati! Akasema kama mbuzi ni wengi kwangu, nirudi nyumbani. Kikao kimevunjika. Mchumba wangu analia."

"Labda uliketi juu ya kichuguu, kaka Kagwe," Wamboi alisema, akitazama chini.

Bi Zainab, aliyesikia kelele, alilichukua shati. Akaigusisha kola kwenye ulimi.

"Wamboi, huu ni wanga gani mtamu hivi?"

Wamboi akaitazama sufuria yake. "Ni uji, mama. Niliona utafanya kazi ileile."

Hakupigwa. Alipewa adhabu mbaya zaidi: asubuhi yake alipelekwa Kalimoni na Bi Zainab, akasimama mbele ya Mzee Gichuru na kueleza yote mwenyewe. Mzee aliomba shati, akaonja kola, akaonja tena.

"Guka, nisamehe mimi," Wamboi alisema, akimwita babu kwa heshima. "Yeye hakukataa mbuzi."

Mzee akacheka hadi bakora ikamponyoka. "Sisimizi wote hao, na bado aliruka mara moja tu? Mwambieni arudi na wazee wake Jumamosi. Ila avae shati la mtu mwingine."

Njiani Bi Zainab alisema, "Sikukatazi biashara nyingi. Lakini kila moja ina chombo chake, saa yake na akili yake. Ya kwanza ikijua kutembea, ndipo ubebe ya pili. Na ukikosea, mwambie mteja kabla sisimizi hawajamwambia."

"Nimeelewa, mama. Mayai nimeacha. Uji pia, mpaka nijue vizuri pasi."

"Vyema. Mbona kiondo chako kimekuwa kizito?"

Wamboi akakihamishia bega la pili.

"Ni koti la Mzee Gichuru, mama," alikiri. "Nimemwahidi kulinyoosha. Kwa maji matupu."