Sweta Iliyolaliwa na Kuku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Wachuka alisimama nyuma ya jiko la nyanya yake, karibu na Kiganjo, akingoja Mlima Kenya ujitokeze. Siku nyingine ukungu uligoma kuondoka. Siku nyingine uliinuka polepole, kama mtu anayekunja shuka, na vilele vyeupe vikaonekana vikielea juu ya mahindi. Wachuka alitazama hadi chai ikampoea mkononi.

"Wachuka! Mlima hauendi popote, lakini kengele ya shule haikungoji," nyanya yake, Cucu Murugi, alimwita.

Cucu ndiye aliyemlea, kwa kuwa mama yake alifanya kazi Nanyuki. Mwaka huo wa 1994 Wachuka alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mwalimu Nderitu alikuwa amemchagua aongoze wimbo wa shule katika tamasha la muziki mjini Kerugoya. Sharti lilikuwa moja: kila mwimbaji avae sweta nadhifu ya kijani. Asiye nayo angebaki nyumbani.

Wachuka alikuwa nayo, na hilo ndilo lililomkera. Sufu yake ilitoka kwa kondoo wa Endarasha, ambako babu yake alikuwa mchungaji. Kwanza ilikuwa sweta ya babu. Babu alipofariki, Cucu aliifumua uzi wote, akaufuma upya, ikawa sweta ya mama. Baadaye akaifumua tena, akautia uzi rangi ya kijani, ikawa ya Wachuka.

"Angalieni! Wachuka amekuja na babu yake mgongoni!" Kinyua, mwenzake darasani, alipiga kelele mstarini. Watoto walicheka. Hata Gakii, rafiki yake, alicheka kidogo kabla ya kuziba mdomo.

Katika duka moja mjini Nyeri, nyuma ya kioo, ilining'inia sweta mpya iliyong'aa kama majani baada ya mvua. Wachuka aliiota akiwa macho. Katika ndoto hizo aliivaa akapaa juu ya mashamba ya chai, akiimba, na Kerugoya nzima ikainua nyuso kumtazama.

Jumamosi moja aliichukua sweta ya zamani, akaitandika chini ya nyasi, ndani ya kikapu cha kuku aliyeanza kulalia mayai siku hiyo. Kila mtu hapo nyumbani alijua kwamba kuku anayelalia hasumbuliwi.

"Cucu, sweta yangu imepotea," alisema jioni. "Niliianika kwenye ua wa shule jana, nikarudi nikakuta haiko."

Cucu alimtazama usoni. "Haya. Mtu haimbi akitetemeka kwa baridi."

Wakaenda mjini, wakanunua ile ya kwenye kioo. Jumatatu Kinyua alimpisha mstarini. Lakini Mwalimu Nderitu, aliposikia habari ya sweta kupotea, alikagua mikoba ya darasa zima, mmoja mmoja. Gakii alilia alipomwaga vitabu vyake chini. Wachuka aliangalia dirishani, akautafuta mlima. Siku hiyo haukuonekana.

Wiki ya tatu ikaja mvua, sweta ikalowa matope, Cucu akaifua. Maji yalitoka ya kijani. Ilipokauka, mkono wa kushoto ulifika gotini na kiwiko cha kulia kilikuwa kimechanika.

"Tuifumue, Cucu! Uifume upya kama ile nyingine!"

Cucu alitafuta ncha ya uzi, akavuta. Kikatoka kipande kifupi kama mkono, kikaishia hapo. Akavuta kingine. Nacho kikaisha. Punde mapaja yake yakajaa vipande vya uzi.

"Hii haifumuki, mjukuu wangu. Ilikatwa kwa makasi kama kitambaa, ikashonwa. Uzi wake hauna safari. Njia ya mwongo ni fupi, na uzi huu ni mfupi vilevile."

Masikio ya Wachuka yaliwaka moto.

"Cucu, ile nyingine haikuibwa. Kuku ameilalia."

Cucu hakushtuka. Alikusanya vile vipande, akavitia ndani ya foronya kuukuu ili viwe mto. "Kesho utamwambia Mwalimu mbele ya darasa, maana watoto wa watu wameshukiwa. Tamasha ni lini?"

"Zimebaki siku kumi na mbili. Niitoe sasa hivi?"

"Kuku ataangua kesho kutwa. Wewe ndiwe uliyemtandikia kitanda. Ngoja."

Kesho yake Wachuka alisema ukweli mbele ya darasa. Mwalimu akamwambia amwombe kila mmoja msamaha. Gakii alimjibu, "Nimekusamehe, lakini utanibebea mkoba mpaka Kerugoya."

Vifaranga tisa walipotoka, sweta ilikuwa na harufu mbaya, lakini haikuwa na tundu hata moja. Waliiosha mara tatu, wakaifumua. Uzi ulitoka mmoja mrefu, ukizunguka mikononi mwa Wachuka kama ukungu unaorudi mlimani. Cucu aliupitisha juu ya mvuke wa sufuria mpaka mikunjo ikanyooka. Kisha akampa Wachuka sindano mbili za kufumia.

"Mimi nitafuma kifua na mgongo. Mikono ni yako."

Wachuka hakuwa amewahi kufuma. Alikosea, akafumua, akaanza upya, kila jioni baada ya masomo, hadi vidole vikavimba. Wakamaliza siku moja kabla ya tamasha.

Mjini Kerugoya, Wachuka alisimama mbele, akaimba bila kutetemeka. Mkono mmoja wa sweta ulizidi mwingine kidogo. Waliposhuka jukwaani, Kinyua aliikagua.

"Sasa una babu mgongoni na kuku kwapani," alisema, akichomoa unyoya mdogo uliofumwa pamoja na uzi.

Safari hii Wachuka ndiye aliyecheka kwanza. Akamgeukia Cucu. "Nikikua, hii tutaifanyaje?"

"Tutaifumua," Cucu alisema. "Nguo haizeeki kwa sababu duka limeweka nyingine dirishani. Kabla hujatamani mpya, uliza ya zamani imechoka au ni wewe uliyechoka nayo. Na ukinunua, vuta uzi kwanza, uone una safari ndefu kiasi gani."

Akauchukua ule unyoya, akaurudisha mahali pake.