Nguzo Iliyohamishwa Mtoni

"Nani atatuambia maji yanakuja, kabla maji yenyewe hayajatufikia?"

Swali hilo aliliuliza Mzee Silvano baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama uwanjani na vitabu vya nyimbo kwapani. Masika ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameondoka na ndama wake wawili. Kilichomuuma zaidi ni kwamba siku ile bondeni kwake hakikudondoka hata tone. Jua liliwaka, watu walikuwa wakipalilia. Mvua ilinyesha juu huko, upande wa Rangwi, na maji yakashuka bila kubisha hodi.

Majirani hawakuliacha swali hilo lipotee. Benjamini, ambaye nyumba yake iko juu kuliko zote, aliweka kopo la kupimia mvua uani kwake. Mwalimu Edward, mwenyeji wa Tanga aliyekuwa akifundisha darasa la sita, alipaka nguzo ya mkaratusi rangi tatu: nyeupe chini, njano katikati, nyekundu juu. Wakaisimika mtoni, chini ya nyumba ya Bibi Dorkasi, wakaikaza kwa mawe. Maji yakiwa kwenye nyeupe, watu wa bondeni waendelee na kazi zao. Yakigusa njano, wapande juu na mifugo yao. Yakigusa nyekundu, waache kila kitu wakimbie.

Bibi Dorkasi ndiye aliyepewa kazi ya kupiga simu bondeni. Lakini magoti yake hayakuwa yakielewana tena na mteremko, kwa hiyo kuisoma nguzo kukawa kazi ya mjukuu wake, Janeth, msichana wa miaka kumi na miwili. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na kila jioni kabla ya kukamua mbuzi, Janeth alishuka mtoni, akatazama, kisha akaandika daftarini: tarehe, saa na rangi. Aliipenda kazi hiyo. Hata Mzee Silvano, mtu asiyejua kusifu, alimwita karani wa mto.

Ijumaa moja Bibi alikuwa na magunia madogo mawili ya karoti za kupakia kwenye gari la mboga la kwenda Lushoto mjini. Karoti zikiwa na udongo hazipakiwi, ni lazima zioshwe. Jioni, baada ya kuandika rangi daftarini, Janeth alishuka nazo mtoni pamoja na rafiki yake Yusra, mtoto wa jirani. Wakaliingiza gunia kwenye maji wakawa wanalikanyaga kwa miguu, wanaligeuza, wanalikanyaga tena.

"Nguzo hii nayo!" alisema Yusra. "Kila tukigeuka gunia linakwama."

"Tuizunguke."

"Tuizunguke mpaka saa ngapi? Gari likituacha, karoti zote hizi utazila wewe? Utaota masikio ya sungura!"

Janeth alicheka mpaka akakaa majini. Kisha akaitazama nguzo. "Haya, tuisogeze kidogo tu. Tukimaliza tunairudisha."

Waliondoa mawe, wakaitikisa nguzo mpaka ikang'oka, wakaisimika hatua mbili kando, karibu na ukingo, mahali ambapo mchanga umeinuka. Karoti zikatoka zinang'aa. Mara honi ikalia barabarani. Wakajitwisha magunia, wakapanda mlima mbio, na habari ya nguzo ikaishia hapo.

Asubuhi yake Janeth aliposhuka na daftari, aliikuta nguzo bado iko ukingoni. Alijaribu kuirudisha nguzo. Shimo la kwanza lilikuwa limejaa mchanga, na yeye hakujua wakubwa waliizamisha kiasi gani. "Nikiirudisha vibaya watajua," alijiambia. "Si ipo mtoni bado? Si imesimama?" Akaandika: Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nyeupe.

Jumapili nyeupe. Jumatatu nyeupe. Neno la uongo hakuandika, maana macho yake yaliona nyeupe. Hata waliokuja kunywesha ng'ombe waliiona nguzo imesimama, wakaridhika. Ila uji wake akawa anauacha.

"Wewe mtoto una nini?" Bibi alimuuliza Jumatano. "Bakuli linarudi kama lilivyokwenda."

"Nimeshiba, bibi."

Bibi akamwombea kimoyomoyo, akaendelea kuchambua maharage.

Alhamisi Janeth alirudi kutoka shule saa kumi, jua likiwa kali. Alikuwa hajavua hata viatu simu ndogo ya Bibi ikalia. Alikuwa Benjamini. Walisalimiana Kishambaa kwa haraka, kisha sauti ya Benjamini ikasikika mpaka mlangoni.

"Mama, huku hali si nzuri. Kopo lilijaa nikalimwaga, na sasa limejaa tena. Saa moja haijapita!"

Bibi akamgeukia Janeth. "Kimbia ukaangalie. Usiguse maji. Simama kwenye jiwe la juu, uone, urudi."

Mto haukuwa ule wa asubuhi. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali, yamebeba mabua ya mahindi na migomba mizima. Kwenye nguzo, yalikuwa yamebakiza vidole vinne kugusa njano. Mahali walipooshea karoti, palipokuwa na nguzo zamani, hapakuonekana kabisa. Janeth alipiga hesabu akiwa juu ya jiwe. Pale ukingoni mchanga ulikuwa umeinuka shubiri mbili. Kama nguzo ingekuwa mahali pake, maji yangekuwa yameimeza njano yote na kuikaribia nyekundu.

Aliporudi, Bibi alikuwa ameshika simu sikioni. "Ni Mama Salama. Yuko bondeni na Mzee Silvano, wanachimba viazi. Anauliza wapande, au wamalizie matuta yaliyobaki. Rangi gani?"

Janeth alifungua mdomo. Aliona nyuso za watu wote watakaomcheka. Aliona fimbo.

"Nyeupe, bibi."

"Nyeupe," Bibi aliitikia simuni. "Malizieni, ila msichelewe. Mungu awalinde." Akakata simu.

Neno hilo la mwisho lilimwingia Janeth kuliko fimbo yoyote. Mungu awalinde na nani? Alishika mlango kwa mikono miwili, machozi yakaanza kumtoka.

"Bibi, si nyeupe! Nguzo niliihamisha. Ijumaa, tulipoosha karoti. Maji yameshafika karibu na nyekundu!"

Bibi hakumpiga, wala hakupaza sauti. Alibonyeza simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akabonyeza tena, ikaita tena. Mama Salama alikuwa ameitundika kibandani na kurudi kwenye matuta.

"Mimi magoti sina," alisema Bibi. "Una miguu. Pita njia ya matuta ya mlimani, usipite kandokando ya mto. Fika kwenye ukingo wa shamba, uite, usishuke chini. Nenda!"

Janeth alikimbia. Aliruka tuta baada ya tuta, akajikwaa kwenye mizizi, akainuka, akiwa anaita tangu mbali: "Nyekundu! Nyekundu!"

Mzee Silvano aliinua kichwa. Jembe lilikuwa mkononi, ndama wake mmoja aliyesalia amefungwa chini ya kibanda. "Nyekundu kasema nani? Sasa hivi bibi yako kasema nyeupe!"

"Ni mimi niliyemdanganya, babu! Nguzo niliihamisha! Pandeni juu!"

Mama Salama hakusubiri maelezo. Alikuwa ameshausikia mngurumo. Alishika sketi yake akapanda. Mzee Silvano alikimbilia kwa ndama, kamba ikagoma kufunguka, akaikata kwa panga na kumsukuma mnyama mbele yake. Walikuwa kwenye tuta la tatu la mlimani maji yalipoingia shambani kutoka pembeni, mazito, yamebeba magogo. Kibanda kiliinama kama mtu anayesujudu, kisha kikaondoka. Magunia ya viazi yakaondoka, majembe yakaondoka, na simu ya Mama Salama ikaondoka pia. Watu watatu na ndama walisimama wakitweta.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya shule majirani walikusanyika sebuleni kwa Bibi Dorkasi. Benjamini aliomba, kisha Bibi akamwambia Janeth asimame aseme mwenyewe. Alisema yote, kuanzia gunia la karoti mpaka neno "nyeupe". Sauti ilikatika mara mbili, na mara mbili Bibi akamwambia, "Endelea."

Yusra naye akainuka kule nyuma. "Na mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeanza kusema nguzo inatuzuia."

"Magunia yangu manne!" alisema Mama Salama. "Mvua yote ile nimelima mimi, halafu viazi vinakwenda kwa sababu watoto wanacheza?" Halafu akashusha pumzi. "Lakini aliyekuja kuniita ni huyuhuyu. Asingekuja, nisingekuwa hapa nikilalamika."

Mwalimu Edward alisema kosa si la watoto peke yao. "Watu wazima wote sisi tuliegemea nguzo moja na macho ya mtoto mmoja, na kwa wiki nzima hakuna aliyeshuka kuhakikisha. Asubuhi ya leo mimi na Benjamini tumeirudisha mahali pake na kuijengea kwa saruji. Jiwe la pembeni nalo tumelipaka rangi zilezile. Kila Jumapili mtu mzima atashuka na msomaji."

Bibi Dorkasi alingoja mpaka wote wanyamaze.

"Mjukuu wangu, na wewe Yusra, sikilizeni. Kusogeza nguzo lilikuwa kosa la dakika tano. Mngelisema siku ileile, tungewagombeza kidogo, tukashuka nanyi, tukairudisha, mambo yakaisha. Wewe Janeth ukanyamaza. Ukaandika rangi uliyoiona, ukadhani hujadanganya, na huku unajua nguzo haiko mahali pake. Kunyamaza kwako kulikua kila siku mpaka kukawa kukubwa kuliko mto. Wazee wanasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii nusura kiwaumbue watu ambao hata maradhi hawakuwa nayo. Ukikosea, sema kosa likiwa bado dogo. Likiwa kubwa, sema vilevile, hata kama miguu inatetemeka, kama ulivyosema jana. Mungu akusamehe, na mimi nimekusamehe."

"Sasa nani atasoma kesho?" aliuliza Benjamini. "Tutafute mtu mzima?"

Macho yalimgeukia Mzee Silvano, ambaye tangu alipoingia alikuwa hajatamka kitu zaidi ya kuitikia shikamoo za watoto. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia juu ya goti. Janeth alitazama chini, akingoja hukumu.

Mzee Silvano aliinuka polepole.

"Kesho saa moja asubuhi nitakuwa bondeni," alisema, "naokota viazi ambavyo maji yameviacha. Ndama nitakuwa naye." Akamtazama Janeth usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Soma wewe. Nitangoja simu."

Akavaa kofia yake, akainama kuupita mlango, akatoka.