Nusu za Kasuku

Sentensi aliyoiacha nusu, Mtunzi aliikuta imekamilika.

Alikuwa ameinuka mezani jua likiwa utosini, akaenda kula. Kwenye taipureta aliacha maneno haya tu: "Mjane alipoufungua mlango". Aliporudi, karatasi ilisema: "Mjane alipoufungua mlango, aliikuta njaa imeketi kitini, imevaa koti la marehemu." Chumba kilinuka utambi uliozimwa punde, na nyumba ile haikuwa na taa ya mafuta.

"Mama Kasuku," aliita kwa sauti ya chini, "ni wewe uliyeingia humu?"

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chake kilipakana na hicho. "Mimi? Hata barua za mama yangu huniandikia wewe."

"Na mtoto?"

"Yuko nami hapa tangu atoke shule, ananitoboa masikio." Binti yao walimwita Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Ilikuwa imepita miaka miwili Mtunzi hajaandika ukurasa ulio hai. Kila alipoketi, karatasi nyeupe ilimkodolea macho mpaka yeye ndiye aliyeinamisha yake. Mchapishaji alikwisha kuacha kumuuliza, jambo lililomuuma kuliko kuulizwa. Ndipo mtunzi mwenzake alipompa dawa: usimalize sentensi unapoinuka; iache nusu, ukirudi utakuta pa kushikia.

Mkewe alicheka aliposikia. "Mimi nikiinuka bila kufunga uzi, mshono wote hufumuka."

"Maneno si nguo, mke wangu."

Basi siku ile ya sentensi ya mjane ilimpasa aogope, naye akaogopa, lakini mwenye njaa hamwulizi mpishi jina. Kesho yake aliacha nusu nyingine, akaufunga mlango, akaenda kula. Katikati ya tonge la kwanza alisikia: tak, tak, tak. Akainamisha kichwa, akaendelea kutafuna.

Hadithi ikanenepa. Sura zikafuatana, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

Siku moja mezani Kasuku alisema, "Baba, mwalimu ametuambia kesho kila mmoja aje na..." Akanyamaza kinywa kikiwa wazi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakuta kipandio hakipo.

"Na nini?" aliuliza mama. "Leo kasuku amekula pilipili?"

Mtoto hakucheka. Alijaribu tena, akakwama pale pale. Kuanzia hapo kila neno lake lilikatika njiani. "Mama, naomba unipe..." "Baba, viatu vyangu vime..." Na mchana mmoja, akiwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kuandikia, macho yameganda juu ya bega la babaye: "Baba, nyuma yako kuna..."

Mtunzi hakugeuka. Aliichomoa karatasi iliyokuwa kwenye taipureta, akaisoma, na katikati ya maombolezo ya mjane, pasipo maana yoyote, palikuwa na maneno "penseli ya rangi," na chini yake "kisu nimenye chungwa," na chini yake "nibana vidoleni," na chini kabisa, mstari ambao wino wake ulikuwa bado unang'aa kwa ubichi: "mtu mrefu asiye na mdomo, anautazama wangu."

Wakamwita shangazi yake Mtunzi, mwanamke aliyepunga pepo tangu ujanani. Alisimama kizingitini, akanusa.

"Nani alikufundisha kuinuka ukaacha mlango wazi?"

"Shangazi, nilikuwa nimekwama."

"Kukwama hakuui. Wewe umemkaribisha mgeni asiye na kinywa, halafu ukamlisha kwa kinywa cha mwanao." Akaketi. "Kila nusu uliyoiacha, iandike upya na uimalize mwenyewe, saa yake hiyo hiyo ya jua kali, bila kuinuka."

"Na nisipopata neno?"

"Weka baya. Baya lako ni lako. Yeye atakunong'oneza mazuri. Ukichukua hata moja, mtoto huyu hatasema tena."

Mchana ule mama alimpakata Kasuku, akaendesha cherehani mfululizo ili mumewe asikie kwamba wapo. Mtunzi akaandika: "Mjane alipoufungua mlango, aliingia ndani." Sentensi butu, hata aliona haya. Lakini kutoka chumba cha pili sauti ndogo ikasema: "...penseli ya rangi!"

Ndipo harufu ya utambi ilipomjia kisogoni, na kiti cha wageni nyuma yake kikalia kana kwamba aliyekikalia ameinuka, na ubaridi ukamshika shingoni, na sikioni mwake yakaanza kumiminika maneno aliyoyatafuta miaka yote miwili, maneno ya kumfanya mtu alie kwa uzuri wake, tena yakisemwa kwa sauti ya Kasuku mwenyewe, "Baba, andika hili, baba, nakuomba," naye huku machozi yakimtiririka akaandika kwamba mvua ilinyesha, kwamba mjane alikuwa na huzuni nyingi, kwamba siku zilipita, ubaya juu ya ubaya, nukta baada ya nukta, na ng'ambo ya ukuta nusu za mtoto zikarudi moja moja, mpaka ya mwisho ikatoka kwa ukelele: "...asiye na mdomo, anautazama wangu!"

Kisha: "Mama, nataka maji, na si kwenye kile kikombe chenye ufa."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

Tangu hapo Mtunzi aliandika vibaya kila siku bila aibu, na ubaya ukazoea mkono wake hadi ukaanza kuwa mzuri. Kitabu kikaisha. Hakuinuka tena bila nukta.

Mwaka uliofuata, mchana, Kasuku alikuwa mezani pa babaye akiandika insha ya shule. Alipogundua ni wakati wa kula, alitupa penseli na kuruka kutoka kitini. Mtunzi akatupa jicho kwenye daftari.

"Kasuku, rudi umalize sentensi yako."

"Iache tu, baba," alijibu akiwa mlangoni. "Huwa inajimaliza."

Mtunzi akasikia harufu ya utambi. Upande wa pili wa ukuta, cherehani ilinyamaza.

"Baba Kasuku," mkewe aliita, "njooni mle kabla chakula hakija..."

Wakasubiri amalizie.