Turbo ya Bertin

Mnanisumbua tena na habari ya Symphorien, kama vile minye sina maharage motoni. Haya, sikilizeni.

Symphorien, rafiki wa marehemu mume wangu, alikuwa akifufua nyumbani gari la zamani la mbio. Lilikosa turbo tu, ile feni ya chuma inayosukumia injini hewa. Jirani yake Bertin, mwenye gari kama hilo, alipofariki, Symphorien aliifungua turbo ya marehemu akaichukua, watu wakiwa makaburini. Kwetu kitu cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaishe.

“Rudisha!” mkewe Julie alimwambia.

“Mufu iko na kazi gani na turbo, Mama Plamedi?”

Jumamosi umeme ulikatika, garaji ikawa giza. Turbo ilikuwa mezani, haijaunganishwa na chochote. Ikaanza kupiga mluzi mwembamba, ukapanda, ukapanda. Julie alikimbia. Symphorien akakunja mkono wa shati.

“Bertin, weye umekufa! Mu hii garaji, fundi ni minye!”

Akaingiza mkono kuisimamisha feni. Mluzi ulikoma.

Alilipa vidole viwili. Tuliifungua turbo yote, skrubu kwa skrubu, tukafagia garaji mara tatu. Vidole hatukuviona.